Walio Hai na Waliokufa: Hesabu ya Pomboo wa Kizimkazi

Pomboo wa Kizimkazi waliwahi kuwa chambo. Kabla ya zama za boti za watalii, wavuvi wa kusini mwa Unguja waliwachoma kwa chusa, wakakata nyama yao vipande na kuitia kwenye ndoana za papa. Kaskazini mwa kisiwa, upande wa Nungwi, uwindaji wa aina hiyo uliendelea hadi 1996. Kusini upepo ulianza kugeuka mwaka 1992, wageni walipoanza kulipa fedha ili wapelekwe kuwatazama wanyama wale wale waliokuwa wakichomwa. Pomboo aliye hai akawa na bei kubwa kuliko mfu. Mwaka 1997 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaitangaza Ghuba ya Menai, ambamo Kizimkazi imo, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 470, kuwa eneo la hifadhi.

Likabaki swali ambalo kila mtu pwani alikuwa na jibu lake: wako wangapi? Nahodha anayepeleka wageni kila asubuhi atakwambia ni wengi, kwani hakosi kuwaona. Ana haki ya kusema hivyo, ila kuwaona kila siku kunathibitisha tu kwamba wapo. Pomboo mmoja anayepita mbele ya boti siku thelathini mfululizo huacha kichwani kumbukumbu ya pomboo thelathini. Ndiyo maana kundi dogo lisilohama linaweza kuonekana kama neema isiyokwisha, na likaendelea kuonekana hivyo hadi siku za mwisho wake.

Jibu la kuaminika linahitaji madaftari mawili. Katika la kwanza huandikwa walio hai, katika la pili waliokufa. La kwanza hujazwa kwa kamera na subira ya watafiti. La pili liko mikononi mwa wavuvi. Mwenye moja tu kati ya hayo hawezi kusema kama pomboo wa ghuba wanaongezeka au wanapungua, na Kizimkazi ni miongoni mwa mahali pachache katika bahari yetu ambapo yote mawili yalifunguliwa kwa wakati mmoja.

Kumtambua kwa pezi

Pomboo hana budi kuja juu kuvuta pumzi, na anapoinuka kinachojitokeza ni pezi la mgongoni. Ukingo wa nyuma wa pezi hilo ni mwembamba na huchanika kwa urahisi: kwa meno ya pomboo mwenzake, kwa papa, kwa uzi wa wavu, kwa rafadha ya mashine. Kilichopasuka hakirudi kuwa kama kilivyokuwa. Mwaka 1977 Bernd na Melany Würsig walichapisha utafiti wao wa pwani ya Argentina, wakionyesha kwamba picha za mapezi zinatosha kumfuatilia pomboo mmoja mmoja bila kumkamata wala kumtia alama. Tangu hapo kamera imekuwa chombo kikuu cha kazi hii duniani kote.

Kazi yenyewe ina masharti yasiyoonekana kwenye picha za matangazo ya utalii. Boti husogea taratibu, sambamba na kundi, bila kulikata njia. Mpiga picha hulenga kila pezi, hata lile laini lisilo na alama yoyote, kwa sababu bila kujua uwiano wa wenye alama na wasio na alama hesabu ya kundi zima haiwezekani. Pembeni mwenzake anaandika saa, mahali, ukubwa wa kundi, ndama waliopo, na wanachofanya: wanakula, wanapumzika, wanacheza au wanasafiri.

Jioni huanza kazi ndefu zaidi ya kuchambua picha. Picha yenye ukungu hutupwa hata kama mwenye pezi anajulikana. Sheria hiyo inaonekana ya kikatili, lakini ina mantiki. Pezi lililokatika nusu hutambulika hata kwenye picha mbovu, ilhali pezi lenye mkwaruzo mdogo halitambuliki. Ukizikubali picha mbovu, daftari litajaa wale wenye majeraha makubwa na wengine watapotea, na hesabu itakudanganya.

Kusini mwa Unguja, watafiti wakiongozwa na Eva Stensland na Per Berggren wa Sweden, pamoja na wenzao wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Zanzibar, walifanya kazi hiyo kati ya 1999 na 2002. Walichagua miezi ya Januari hadi Machi. Huo ni msimu wa kaskazi, upepo unapotoka ng'ambo ya pili ya kisiwa na maji ya Kizimkazi yakapata kivuli. Kusi ikianza, mawimbi huficha mapezi na pomboo aliye mita mia moja anaweza kupita asionekane.

Mia moja ambao hawakuonekana wote

Hata hivyo, hakuna msafara unaoweza kumpiga picha kila pomboo. Idadi hupatikana kwa njia ya mzunguko. Tuseme safari ya kwanza umepata mapezi 60 yanayotambulika. Safari ya pili unapata 50, na unapolinganisha picha unakuta 30 kati yake tayari yamo daftarini. Kama 30 kati ya 50, yaani asilimia 60, umeshawaona, basi wale 60 wa mwanzo huenda nao ni asilimia 60 ya wote. Wote watakuwa kama 100. Umewahesabu mia bila kuwaona wote mia.

Mantiki hiyo inashikilia iwapo kati ya safari mbili hakuna waliokufa wengi, waliozaliwa wengi, wala waliohamia na kuhama. Inashikilia pia iwapo kila pomboo ana nafasi ya kuonekana iliyo karibu sawa na ya mwenzake. Bahari haitimizi masharti hayo kikamilifu, kwa hiyo jibu hutolewa likiwa na kiwango cha chini na cha juu. Katika eneo la kilomita za mraba 26 lililochunguzwa, makadirio ya miaka hiyo yaliangukia kati ya 130 na 180 kwa pomboo wa pua-chupa wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Jamaa yake mwenye nundu mgongoni, ambaye hupenda maji ya kina kifupi karibu na ufuo, alikadiriwa kuwa takriban 60 tu.

Kwa hiyo wale "wengi" wa kila asubuhi walikuwa kundi ambalo unaweza kumpa kila mmoja jina lake. Majike hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa ndama mmoja, kisha humnyonyesha na kumlea kwa miaka kadhaa kabla ya kuzaa tena. Jike huanza kuzaa akiwa na umri wa miaka saba au nane au zaidi. Samaki anaweza kutaga mayai maelfu kwa msimu mmoja na kufidia hasara ya mwaka uliopita. Pomboo hawezi.

Umuhimu wa daftari la walio hai hukua kadiri linavyozeeka. Huko Sarasota, Florida, kazi ilianza 1970 na inaendelea hadi leo, chini ya Randall Wells aliyejiunga nayo akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Ndio utafiti mrefu kuliko wote wa kundi moja la pomboo wa porini. Kwa sababu ya miaka hiyo inajulikana nani ni nyanya wa nani, na kwamba jike aliyepewa jina la Nicklo alifikisha miaka 67. Mambo hayo hayapatikani kwa mradi wa miaka mitatu.

Lakini daftari hilo lina udhaifu mkubwa, na udhaifu wenyewe ulipimwa. Mwaka 2007 Barbara Taylor na wenzake wa Marekani waliuliza swali gumu: idadi ya mamalia fulani wa baharini ikianguka kwa nusu ndani ya miaka 15, je, tafiti zinazofanywa kwa kasi ya sasa zingegundua? Kwa pomboo na jamaa zao wa karibu, asilimia 78 ya maanguko ya namna hiyo yangepita bila kutambuliwa. Hao ni Wamarekani, wenye meli, ndege na bajeti. Sababu ni ile nafasi kati ya kiwango cha chini na cha juu. Ukikadiria 150 mwaka huu na 135 miaka mitatu baadaye, huwezi kuapa kama 15 wamekufa au ni bahati ya safari tu.

Kuchelewa huko kunaweza kufika mbali. Mwishoni mwa 2006 msafara wa wanasayansi ulipitia Mto Yangtze, China, kwa wiki sita ukimtafuta baiji, pomboo wa mto huo. Hawakumpata hata mmoja. Walikwenda kumhesabu akiwa hayupo tena wa kuhesabiwa.

Jarife

Hapo ndipo daftari la pili linapookoa muda. Wakati wa kuwahesabu walio hai Kizimkazi, Omar Amir na Narriman Jiddawi wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, pamoja na Per Berggren, walikwenda kwenye madiko ya Zanzibar, mahali wavuvi wanaposhushia samaki, kuwauliza wavuvi wa jarife swali jingine: wangapi wamenasa?

Jarife ni wavu wenye macho makubwa, wa kuelea au wa kutega chini, unaotafuta jodari, nguru, papa na taa. Hutupwa jioni na kuvutwa alfajiri. Usiku uzi wake hauonekani, na pomboo, ingawa ana uwezo wa kutazama kwa mwangwi wa sauti yake, huenda asiutambue au asiwe makini nao anapokimbiza samaki. Akishanasa hawezi kufika juu, naye anavuta hewa kama sisi. Anazama. Mvuvi hapati faida yoyote ya maana: wavu umechanika, usiku umepotea, na kinachobaki ni mzoga mzito wa kuukwamua.

Wavuvi walijibu. Waliripoti pomboo 96 walionasa kati ya 1995 na 1999, wa spishi kadhaa, na aliyeongoza orodha alikuwa pua-chupa yule yule anayetazamwa na watalii. Kisha walifanya jambo lenye thamani zaidi ya kujibu maswali: walikubali kuleta mizoga pwani.

Mzoga husema mengi kuliko picha. Jino likikatwa na kutazamwa kwa darubini huonyesha tabaka za ukuaji, na tabaka hizo ndizo umri. Viungo vya uzazi vya jike huonyesha kama amewahi kuzaa. Tumboni hubaki mawe madogo ya masikio ya samaki na midomo migumu ya ngisi, ambayo mtaalamu huisoma na kutaja spishi. Matumbo 26 yaliyochunguzwa Zanzibar yalikuwa na mabaki ya spishi 50 za samaki wenye mifupa na tatu za ngisi. Miongoni mwa walioliwa zaidi alikuwa mkunga mwembamba wa matopeni ambaye mvuvi wa jarife hamtafuti. Lawama ya zamani, kwamba pomboo humaliza samaki wa watu, ilipunguzwa nguvu na wavuvi wenyewe, kwa mizoga waliyoleta.

Baadaye waangalizi walisafiri na mashua za jarife ili kupata kiwango cha vifo kwa usahihi zaidi. Matokeo yalipowekwa kando ya daftari la walio hai, hesabu haikuhitaji kompyuta. Kusini mwa Unguja jarife lilikuwa likiua kila mwaka zaidi ya asilimia 9 ya pomboo wa pua-chupa, na karibu asilimia 6 ya wenye nundu. Kwa kawaida wataalamu huchukulia kwamba kundi la pomboo, hata likiachwa salama kabisa, haliongezeki kwa zaidi ya asilimia 4 kwa mwaka. Vifo vya nyavuni vikizidi asilimia 1 au 2, kengele ya tahadhari inapaswa kupigwa.

Tazama nguvu ya kulinganisha. Kwa kuhesabu walio hai peke yao, watafiti wangehitaji miaka mingi ya misimu ya kaskazi kabla ya kuthubutu kusema wanapungua. Kwa kuweka tarakimu mbili pamoja, jawabu lilipatikana papo hapo: kinachotoka ni kikubwa kuliko kinachoweza kuingia. Kundi la pomboo 150 lilikuwa likipoteza 13 au zaidi kwa mwaka huku asubuhi za Kizimkazi zikiendelea kuwa za furaha kama kawaida.

Hakuna akiba ya kaskazini

Mtu anaweza kujiliwaza kwamba bahari ni moja, na wakipungua kusini watakuja wengine kutoka kaskazini. Uchunguzi wa vinasaba, uliotumia vipande vidogo vya ngozi na sampuli za mizoga, ulivunja matumaini hayo. Pomboo wa pua-chupa wa kusini mwa Unguja na wale wa kaskazini wanatofautiana kinasaba kiasi cha kuonyesha kwamba ni nadra kuchanganyika, ingawa kisiwa kizima kina urefu wa takriban kilomita 85. Jike wa kusini akizama nyavuni, nafasi yake itajazwa na binti yake au isijazwe kabisa. Kila kundi linahitaji hesabu yake.

Kaskazini nako kulikuwa na msiba wake. Tarehe 28 Aprili 2006, pomboo wapatao 400 wa spishi hiyo walikutwa wamekufa ufukweni, eneo la Nungwi na Kendwa. Tukio moja la siku moja lilizidi mara mbili jumla ya pomboo waliokadiriwa katika eneo la utafiti la kusini. Asiye na makadirio hayo angeona tarakimu tu. Aliyekuwa nayo alielewa kwamba msiba wa ukubwa huo ukilipata kundi dogo, hautaacha mtu wa kusimulia.

Madhara yasiyoacha mzoga

Yapo pia madhara ambayo hayaingii katika daftari lolote kati ya hayo mawili. Utafiti uliochapishwa 2010 ulilinganisha tabia za pomboo wa Kizimkazi boti za watalii zikiwepo na zisipokuwepo. Bila boti, kusafiri kulichukua kama theluthi ya muda wao. Boti zilipokuwepo, muda huo uliongezeka zaidi ya mara mbili, na kupumzika, kula na kucheza kukapungua. Pomboo anayehamahama asubuhi nzima hafi siku hiyo. Huchelewa kunenepa, huchelewa kushika mimba, au hunyonyesha ndama wake akiwa amechoka.

Kama hilo lina athari kwa idadi, jawabu lilitoka Shark Bay, Australia, ambako pomboo wamefuatiliwa tangu 1984. Watafiti walilinganisha eneo lenye boti za utalii na eneo la jirani lisilo nazo. Palipoongezwa kampuni ya pili ya utalii, wingi wa pomboo ulipungua kwa karibu asilimia 15. Boti zilikuwa mbili tu. Kizimkazi, asubuhi moja ya msimu wa wageni, boti nyingi zaidi ya hizo hulizunguka kundi moja, na wageni huruka majini mbele ya vichwa vya pomboo. Kanuni zinajulikana: boti chache kwa kundi, mwendo mdogo, kutowakata njia, kuwaacha wenye ndama. Nahodha naye anajua kwamba akisimama mbali, mgeni anaweza kudai fedha zake au kesho akapanda boti ya mwenzake. Kanuni isiyowabana wote kwa pamoja humwadhibu aliye mwadilifu.

Nafasi tupu si sifuri

Mwaka 2017 pomboo mwenye nundu wa Bahari ya Hindi aliwekwa katika orodha nyekundu ya shirika la uhifadhi la IUCN kama spishi iliyo hatarini kutoweka. Makazi yake ni ukanda mwembamba wa maji ya ufukweni, mahali pale pale ambapo jarife hutegwa. Tafiti zimesambaa: Gill Braulik na wenzake wamepita pwani yote ya Tanzania na kuonyesha umuhimu wa Mkondo wa Pemba, na nchini Kenya pomboo wa Kisite-Mpunguti wamefuatiliwa kwa picha tangu katikati ya miaka ya 2000. Daftari la walio hai linakua.

La pili ndilo linaloyumba. Vifaa vya kutoa mlio vinavyofungwa kwenye nyavu vilijaribiwa Zanzibar na vikaonyesha uwezo wa kupunguza vifo, lakini ni ghali kwa mvuvi na vinataka betri. Na ili kujua kama dawa hiyo au nyingine inafanya kazi, lazima vifo viendelee kuandikwa. Madiko huwa na bwana diko, ambaye kazi yake ni kuandika samaki walioshuka. Safu moja zaidi katika kitabu chake, ya pomboo walionasa, haina gharama ya meli wala ndege.

Gharama yake ni imani. Mvuvi akiamini kwamba ataulizwa ili ijulikane, ataleta mzoga, kama walivyofanya wale wa mwisho wa miaka ya 1990. Akiamini kwamba ataulizwa ili ashtakiwe, ataufungia jiwe na kuuzamisha kabla ya mapambazuko, na safu ya bwana diko itabaki tupu. Mwisho wa mwaka ofisini mtu ataisoma nafasi hiyo tupu kama sifuri, ataandika kwamba pomboo hawanasi tena, na ripoti itapendeza. Kwa hiyo anayetaka kuwalinda pomboo wa ghuba hii, kabla ya kununua kamera ya pili, amhakikishie mvuvi kwamba kusema kweli hakutamgharimu mashua yake.